Bao Halali na Kosa la Kuotea

Mtu apitaye barabara kuu iendayo lango la Lodoare alasiri ya Jumapili, wakati upepo ushukao kutoka misitu ya Ngorongoro umekwisha kuinua vumbi jekundu la Karatu na kulitandaza juu ya mabati ya mji mzima, husikia kutoka uwanja wa Mazingira Bora kelele za namna mbili: ya kwanza ni shangwe ya bao, na ya pili, ambayo aghalabu hudumu zaidi, ni ghadhabu ya bao lililokataliwa. Shangwe haihitaji mwalimu. Ghadhabu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa katika miaka niliyotembea na kibendera mkononi pembezoni mwa viwanja vya wilaya hii, tangu Rhotia mpaka Mang'ola, nimebaini kwamba watazamaji wetu si wajinga wa sheria kwa kadiri wanavyodhaniwa. Taksiri yao kubwa ni kutoa ushahidi wa jambo walilolitazama kutoka mahali pasipofaa, au katika nukta ya wakati iliyokwisha kupita.

Sheria za kandanda ni 17, na bodi ya kimataifa izitunzayo iliundwa mwaka 1886. Sheria ya 10 huhusu bao na matokeo ya mchezo, ya 11 huhusu kuotea. Ya 10 huuliza swali la mahali tu. Ya 11 huuliza mahali na wakati kwa pamoja, na kwa hiyo ndiyo ngumu. Tuanze na iliyo nyepesi.

Bao hupatikana mpira wote unapovuka mstari wote wa goli, kati ya nguzo mbili na chini ya boriti ile ya juu ambayo watu wetu, kwa kuifananisha na mti wa darini upitiwao na panya usiku, wameiita mtambaa wa panya. Neno lenye uzito hapo ni "wote", nalo limetajwa mara mbili. Kati ya nguzo na nguzo ni mita 7.32, na kutoka ardhini hadi ubavu wa chini wa mtambaa wa panya ni mita 2.44, mstari wenyewe una upana usiozidi sentimita 12, sawasawa na unene wa nguzo, na mpira wa watu wazima una kipenyo cha takriban sentimita 22. Chukua kitunguu kikubwa cha Mang'ola, chora mstari mnene wa chaki juu ya meza, kisha kiviringishe kitunguu polepole huku ukitazama kutoka juu: utaona kwamba kitako chake kinapogusa meza nyuma ya mstari, tumbo lake bado limening'inia juu ya chaki, na maadamu tumbo halijatoka, hata kwa upana wa ukucha, hakuna bao. Sasa rudi nyuma ukitazame kutoka mbele, kama atazamavyo mtu aliyesimama kwenye kumi na nane. Utaiona chaki yote mbele ya kitako cha kitunguu, nawe utaapa kwamba kimekwisha kupita. Basi shahidi wa bao ni mmoja tu, yule ambaye jicho lake limelala juu ya mstari wenyewe.

Wapenzi wa Yanga wanaijua elimu hii kwa machungu. Tarehe 5 Aprili 2024, huko Pretoria, katika marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya kwa chini, likadunda karibu na mstari, likarudi uwanjani. Mwamuzi hakuhesabu bao, mchezo ukaisha bila kufungana kama ulivyokwisha ule wa kwanza wa Dar es Salaam, na Yanga wakatolewa kwa penalti. Katika kibanda umiza nilimokuwamo usiku ule benchi moja lilivunjika, na aliyelivunja alikuwa mzee mmoja shabiki wa Simba, kwa kucheka. Miaka 58 kabla ya hapo, katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1966 mjini London, shuti la Geoff Hurst wa Uingereza lilifanya vivyo hivyo katika goli la Ujerumani Magharibi, na huko bao likakubaliwa, na Wajerumani hawajaridhika mpaka leo.

Katika viwanja vyetu mashaka huongezeka, kwa sababu mstari uliochorwa kwa chokaa au majivu asubuhi hauonekani tena ifikapo saa kumi na moja jioni, mlinda mlango akiwa ameufuta kwa viatu vyake na upepo ukiwa umemalizia kazi. Dawa yake ni nyepesi. Kwa kuwa mstari na nguzo sharti viwe na unene mmoja, mpaka wa nyuma wa mstari unalingana na mgongo wa nguzo; basi mwamuzi, au mshika kibendera, au wewe uliyejipa kazi ya kuhukumu bila mshahara, simama pembeni mahali ambapo migongo ya nguzo zote mbili imelingana machoni mwako, na mpira ukipita nyuma ya ulingano huo wote, hilo ni bao hata kama chokaa haipo. Sharti la dawa hii ni nguzo zilizonyooka, nami nakiri kwamba miti ya mkaratusi inayosimamishwa katika baadhi ya vijiji ina tabia zake. Na hapo pasiwe na ubishi juu ya kamba: kamba iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo haikubaliki kuwa mtambaa wa panya. Watoto wa chandimu waachiwe kamba yao. Lakini penye kombe ambalo mshindi huondoka na ng'ombe, kamba inayopandishwa na kushushwa na upepo ni chanzo cha fitina.

Yapo mapigo ambayo, mpira ukiingia moja kwa moja, hayazai bao. Mpira wa kurusha ni mojawapo. Mpira anaourusha mlinda mlango kwa mkono wake hata ukaingia goli la mbali ni mwingine. Na adhabu isiyofungwa moja kwa moja, ile ambayo mwamuzi huinyanyulia mkono juu na kuuacha hapo mpaka mpira umguse mtu wa pili, ni ya tatu. Kinyume chake kona yaweza kuingia moja kwa moja na kuhesabiwa, na hata mpira wa kuanzia katikati. Bao la mshambuliaji ambaye mpira umemgusa mkono papo hapo kabla hajafunga ni batili hata kama mkono haukukusudia, na katika hili huruma haina nafasi.

Nimeulizwa mara nyingi, na katika nchi ya ufugaji kama yetu swali hili si mzaha, juu ya wanyama. Punda wa kubeba maji ameingia uwanjani, shuti limepigwa, mpira umemgusa punda, kisha umeingia. Hukumu ni hii: ikiwa mpira ulikuwa ukienda golini na punda hakumzuia mlinzi yeyote kuucheza, bao lihesabiwe. Lakini ikiwa mpira uliokuwa ukiingia umeishia ubavuni mwa punda ukabaki nje, hakuna bao kwa hali yoyote. Mwamuzi atasimamisha mchezo na kuudondosha mpira, na mshambuliaji hana wa kumshtaki ila punda. Sheria haimpi mtu kitu ambacho hakikutokea, hata kama kila mwenye macho aliona kwamba kingetokea.

Hesabu ya mwisho wa mchezo haina utata: katika ligi mshindi hupata pointi 3, wa sare 1, aliyeshindwa hapati kitu, na timu zikilingana kwa pointi ndipo watu huanza kuhesabu mabao, lakini njia ya kuzitenganisha hutofautiana baina ya shindano na shindano, basi isome kanuni kabla ya mchezo wa kwanza, si baada ya wa mwisho.

Sasa tuingie msituni. Neno lenyewe, kuotea, lilitoka porini kabla halijafika uwanjani. Mwindaji huotea mnyama kichakani, na simba wa kreta huotea nyumbu nyasini, kimya, akingoja windo lijilete. Aliyelipa kosa hili jina hilo alikuwa na busara, kwa maana sheria ilikusudiwa tangu mwanzo kumzuia mshambuliaji asikae mlangoni mwa watu akingoja riziki. Walakini jina hilo limetupotosha kwa upande mmoja, kwa kutufanya tuamini kwamba kuwapo pale peke yake ni hatia. Simba hahukumiwi kwa kulala nyasini. Huhukumiwa anapomrukia nyumbu.

Hapo kale sheria ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1863, Waingereza walipoandika sheria zao za kwanza, kila aliyetangulia mbele ya mpira uliopigwa na mwenzake hakuruhusiwa kuucheza kabisa. Mwaka 1866 wakalegeza, wakasema awe na wapinzani watatu mbele yake. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili, na athari yake ilionekana papo hapo, kwani katika daraja la kwanza la ligi ya Uingereza mabao yalipanda kutoka 1,192 katika msimu mmoja hadi 1,703 katika msimu uliofuata. Mwaka 1990 ikaongezwa rehema nyingine: aliye sambamba na mlinzi yu salama.

Basi mchezaji yumo mahali pa kuotea iwapo, katika nukta ile mwenzake anapoupiga mpira, mambo matatu yamekutana kwake: amekwisha kuingia nusu ya uwanja ya wapinzani, yuko karibu zaidi na mstari wao wa goli kuliko mpira, na yuko karibu zaidi na mstari huo kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Likikosekana moja, hakuna neno la kuotea. Kinachopimwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu. Mikono haihesabiki, ya mshambuliaji wala ya mlinzi, hata ya mlinda mlango.

Nimesema mpinzani wa pili kutoka mwisho, wala sikusema beki wa mwisho. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa wamezoea kumkuta mlinda mlango nyuma, hivyo wakamsahau katika hesabu kama mtu asahauvyo kuhesabu punda aliyempanda. Mlinda mlango ni mtu mmoja kama wengine. Akitoka na kuachwa mbele, wahesabiwe wawili wengine walio nyuma yake. Somo hili lilitolewa mbele ya ulimwengu mzima tarehe 11 Juni 2010, katika mchezo wa kufungua Kombe la Dunia mjini Johannesburg: Meksiko walipiga kona, mlinda mlango wa Afrika Kusini, Itumeleng Khune, akatoka asiupate mpira, Mmeksiko mmoja akausogeza kwa kichwa, na mwenzake, Carlos Vela, akafunga huku mlinzi mmoja akiwa bado yuko nyuma karibu na mstari. Watu wakauliza, si yupo mtu pale? Yupo, lakini ni mmoja, na sheria inataka wawili. Bao likakataliwa kwa haki, na mchezo ukaisha 1–1. Tukio hilo lina faida ya pili: kona haina kuotea, lakini mpira ukishaguswa na mwenzako mwingine, kinga ya kona imekwisha na hesabu inaanza upya.

Msamaha huo wa kona unazihusu pia pigo la goli na mpira wa kurusha. Anayeupokea moja kwa moja mpira uliotoka katika mojawapo ya hizo tatu hawezi kuwa ameotea, hata kama amesimama akinong'ona na mlinda mlango. Adhabu ya kawaida haina msamaha huo.

Ama kuhusu wakati, hapa ndipo ilipo roho ya sheria yote. Kinachohukumiwa ni mahali alipokuwa mchezaji mpira ulipopigwa, si alipoupokea. Jicho la binadamu huona mguu unapiga, kisha husafiri kwenda kumtafuta mkimbiaji, na katika safari hiyo mkimbiaji hamngojei. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hii, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16; gawa, nawe utapata mita 7 na ushei kwa kila sekunde. Mwenda kwa kasi hiyo, katika robo ya sekunde tu ambayo jicho lako linahama, amekwisha kuvuka mita 1 na robo tatu. Na ikiwa katika robo hiyohiyo beki amepiga hatua kwenda mbele ili kuweka mtego, pengo machoni mwako ni kubwa zaidi. Utamwona ameotea, tena waziwazi, na utakuwa umekosea waziwazi.

Nimekosea hivyo mwenyewe. Ilikuwa nusu fainali ya kombe la mbuzi, kiangazi, uwanja mkavu kama unga. Pasi ndefu ilipigwa nami nikaufuata mpira angani, na nilipoyashusha macho nikamkuta winga, kijana mwembamba mwenye mbio, hatua tatu mbele ya beki. Nikainua kibendera. Mwamuzi akapuliza kipenga wakati mpira ulikuwa bado unaviringika kuelekea goli tupu, ukaingia baada ya sauti. Kijana hakupiga kelele. Alikuja akaniambia, "Shikamoo, mwalimu. Njoo uone nilipoanzia," akanionyesha chini: katika vumbi palikuwa na alama ya kisigino chake, imechimbika pale alipojisukuma kuondoka, na nyayo za beki zilikuwa mbele ya alama hiyo kwa hatua nzima. Vumbi lilikuwa shahidi kuliko mimi. Lakini kwa kuwa kipenga kilitangulia kabla mpira haujavuka mstari, bao halikuweza kurudishwa, na timu yake ikatolewa. Tangu siku ile nimejifunza kulisikiliza pigo la mpira kwa sikio na kuyaacha macho pale walipo watu. Sikio halihitaji kusafiri.

Aliyekutwa mahali pa kuotea hutenda kosa kwa njia tatu: kuucheza au kuugusa mpira uliotoka kwa mwenzake, kumbughudhi mpinzani, kama vile kuziba macho ya mlinda mlango, kugombania naye mpira, au kumzuia kwa tendo dhahiri, na kufaidika, yaani kuucheza mpira uliorudi kutoka nguzo, mtambaa wa panya, mwamuzi au mpinzani, hali yeye alikwisha kuotea tangu mwanzo. Mpinzani akiucheza mpira kwa kukusudia na kwa utulivu, kisha ukamfikia aliyeotea, kosa limefutika. Lakini mpira uliombabatiza tu, au uliookolewa na mlinda mlango usiingie, haufuti kitu. Adhabu yake ni ile isiyofungwa moja kwa moja, na hupigwa mahali kosa lilipotendeka, hata kama mshambuliaji alirudi mpaka nusu yake akaugusa mpira huko.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyekabidhiwa kibendera kwa kuwa tu umefika mapema, usisimame chini ya mti. Tembea sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au sambamba na mpira ikiwa mpira umempita, ukiutazama uwanja kwa kifua badala ya bega. Mtu akiotea, ngoja. Uone kama atashiriki. Kibendera kilichochelewa sekunde mbili hulalamikiwa kwa dakika mbili, bali kilichoharakishwa hulalamikiwa mpaka msimu ujao. Ukiisha kukiinua na kipenga kikapulizwa, kielekeze: juu kwa upande wa mbali, usawa wa bega kwa katikati, chini kwa upande wa karibu nawe. Na katika vijiji vya ukingo wa kreta, ambako ukungu huweza kuteremka kipindi cha pili ukameza winga wa upande wa pili, mwambie mwamuzi mapema kwamba humwoni, usikisie.

Nakuachia zoezi la kufanya na rafiki mbishi. Kusanya vitunguu maji viwe washambuliaji, vitunguu saumu viwe walinzi, na punje ya hindi iwe mpira. Chora uwanja mezani kwa chaki, pamoja na mstari wa kati. Weka walinzi wote wa saumu katika nusu ya vitunguu maji, wote wamekwenda kushambulia, ila mlinda mlango wao aliye golini. Weka kitunguu maji kimoja sentimita moja nyuma ya mstari wa kati, katika nusu yake mwenyewe, mbele ya kila mlinzi, hana mtu kati yake na goli isipokuwa mlinda mlango. Sasa pigo kutoka nyuma. Kitunguu kinakimbia peke yake nusu nzima ya uwanja, kinaupokea mpira, kinafunga. Mwulize rafiki yako. Atasema ameotea, na atakuhesabia walinzi kwa vidole. Mwonyeshe mstari wa kati: mpira ulipopigwa alikuwa bado hajaingia kwa watu, na bao ni halali. Kisha, kabla hajanyanyuka, kisogeze kitunguu sentimita mbili mbele, umpigie pasi ileile, umwulize tena.